Nyumba ya Sakafu Nne

Ukitaka kuijua nyumba ya Pimamaji, usiitazame kwa nje. Kwa nje ni nyumba kama nyingine zote za mtaa wa chini: matofali, bati lililoliwa na chumvi, dirisha la kijani, mlango unaotazama barabara, na ng'ambo ya barabara ukuta mfupi wa zege unaoizuia bahari. Ingia ndani, kisha tembea. Ukitoka sebuleni kwenda jikoni, unapanda. Ukitoka jikoni kwenda chumba cha watoto, unapanda tena. Ukitoka hapo kwenda chumba cha nyuma, unashuka, na kama hujazoea, unashuka kwa pua. Mafundi wenzake walimtania kuwa amejenga ghorofa, likachoka, likalala chini.

Mwenye nyumba ni fundi mwashi. Jina alilopewa na mama yake limelala siku nyingi bila kazi. Watu humwita Pimamaji kwa sababu ya kifaa chake, kile kijiti cha alumini chenye kichupa cha maji na povu moja dogo ndani, ambacho haachani nacho hata akienda kutazama mgonjwa. Mkaribishe chai, utaona mkono unamwasha. Punde kijiti kiko juu ya meza yako, yeye anakodolea lile povu na kuguna. "Meza yenu inaangalia mlangoni," atasema, na hatagusa kikombe mpaka amekunja karatasi na kuiingiza chini ya mguu wa meza.

Sasa mtu wa namna hiyo, anayeumwa na meza ya jirani, aliwezaje kuishi katika nyumba yenye sakafu nne, kila moja na kimo chake?

Ni kwamba kila sakafu ilikuwa mabishano ya mwaka wake. Kwanza bahari ilipita chini kwa chini, ikatokea kwenye tundu la bafu na kuingia chumba cha nyuma kimya kimya, kama mgeni anayeijua njia. Watu wakasema ni mwaka mbaya tu, yatapita. Pimamaji akainua sakafu ya chumba hicho shibiri moja, akanawa mikono. Maji yaliporudi, redioni kulikuwa na mtaalamu aliyeongea mambo ya kunyima mtu hamu ya kula, basi chumba cha watoto kikainuliwa mpaka karibu na goti. Mara ya tatu mtaani walisema wale wa redio wanapenda kutia watu hofu. Jiko likainuliwa nusu ya pale. Sebule peke yake ndiyo iliyobaki chini, palepale ilipojengwa, kwa sababu ndipo palipokuwa na cherehani ya mkewe, na mkewe alikataa katakata cherehani isogezwe.

Mkewe naye ana jina la kazi. Hushona sare za shule, na akina mama wanamwita Mama Pindo. Ukimpelekea mtoto, hamuulizi umri. Anamtazama miguu, anamtazama viganja, anamtazama na mama mtu aliyemleta ana kimo gani, kisha anaacha kitambaa kingi ndani ya pindo na kukishika kwa mishono mipana, ya kufumuka bila ugomvi. Mtoto akirefuka, wembe unapita, sketi inashuka, maisha yanaendelea.

Huyo Mama Pindo ndiye aliyeanguka. Alikuwa anatoka jikoni na birika la chai, anaongea na mteja aliyekuwa sebuleni, na mguu ukatafuta sakafu mahali ambapo sakafu haikuwepo. Nyonga ikavunjika. Alipasuliwa, akawekewa chuma, akatoka hospitalini na mkongojo na amri moja ya daktari: asipande ngazi wala kushuka. Nyumba ya dada yake mkubwa, huko mtaa wa mlimani, ina sakafu moja kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Wakampeleka huko apone.

Watoto walishakua na kuhama, basi Pimamaji alibaki peke yake, akipanda na kushuka ndani ya nyumba yake, na kila alipofika pale jikoni alipunguza mwendo. Ngazi ile alikuwa ameijenga kwa mkono wake, ikanyooka vizuri sana, na alikuwa amewahi kuisifia mbele ya watu.

Haikupita muda mrefu, bamvua ikaja, yale maji makuu ya mwezi mpevu. Mvua haikuwepo. Jua lilikuwa kali, anga safi kama sahani iliyooshwa, na maji yakapanda mfereji wa barabara, yakavuka, yakaingia sebuleni. Yalipotoka yaliacha mstari wa chumvi juu kidogo ya kanyagio la cherehani. Ikawa hakuna namna tena. Sebule lazima iinuliwe. Swali lililobaki ni moja tu: iinuliwe mpaka wapi.

Kwa swali hilo watu wawili walikuja kukaa mezani kwake. Mmoja ni shemeji yake, mdogo wa Mama Pindo, anayefundisha jiografia na kuitwa Mwalimu hata na waliomzidi umri. Wa pili ni jirani anayeuza vipande vya barafu kwa wavuvi na wenye maduka. Huyo anaitwa Baridi, ingawa maneno yake ni ya moto.

"Mimi barafu naijua," alianza Baridi, kabla hata hajakaa vizuri. "Ndiyo inayonivalisha. Sasa wewe Mwalimu, unawaambia watoto wetu barafu ya dunia ikiyeyuka bahari itapanda. Ngoja nikuonyeshe."

Akachukua glasi, akatia kipande cha barafu, akajaza maji mpaka ukingoni, maji yakawa yanatetemeka kama machozi. Wakaongea mengine, habari za mgonjwa na bei ya saruji. Baridi hakuiondolea glasi macho. Barafu ikapungua, ikawa kama kitufe, ikaisha. Mezani hakukuwa na tone.

"Haya. Imekwenda wapi hiyo bahari yako inayopanda?"

Mwalimu alicheka, lakini si kwa dharau. "Umesema kweli kabisa. Barafu inayoelea ikiyeyuka, maji hayaongezeki kiasi cha kukuhangaisha. Nipe kipande kingine. Shemeji, lile chujio lako la chai liko wapi?"

Akaweka chujio juu ya ileile glasi iliyojaa, na barafu ndani ya chujio, isiguse maji. Wakasubiri. Tone la kwanza lilipoanguka, maji yalivimba ukingoni yakashikilia. La pili yakashikilia. Kisha yakashindwa, yakamwagika, yakaenda pande zote za meza sawasawa bila upendeleo, maana meza ile ilikuwa imepimwa. Baridi, Mwalimu na Pimamaji waliruka pamoja kuokoa suruali zao.

"Hiyo ya kwenye chujio ndiyo barafu iliyokaa juu ya nchi kavu," alisema Mwalimu akijifuta. "Huko kwenye ncha za dunia ipo nene kama milima. Hiyo ikishuka baharini, ni maji mapya. Halafu maji yenyewe yakipata joto yanavimba. Kwenye sufuria huoni. Kwenye bahari nzima, unaona."

Baridi aliitazama glasi kama mtu aliyesalitiwa na rafiki. "Kwa hiyo barafu yangu inakutetea wewe."

"Haina upande, kaka."

Pimamaji alikuwa anaangalia mlango. "Shemeji," alisema, "niambie tu itafika wapi."

Mwalimu alisimama. Akagusa mguu wake chini ya goti. "Kufikia mwisho wa karne hii, wengi wanaochunguza mambo haya wanasema inaweza kuongezeka kati ya hapa," mkono ukapanda kiunoni, "na hapa. Inategemea dunia itaendelea kuchoma mafuta na makaa kiasi gani, na ile barafu kubwa itashika vipi. Wapo wanaohofia zaidi ya hapo. Na kasi yenyewe haitulii. Inapanda haraka kuliko ilivyopanda wakati wa baba zetu."

"Kati ya," alirudia Pimamaji. "Mimi 'kati ya' siwezi kuimwagia zege. Sakafu inakaa mahali pamoja. Nipe pamoja."

"Sina, shemeji. Na atakayekupa pamoja, mwulize kapatoa wapi."

"Miaka yote hiyo shuleni," alisema Baridi, "anarudi na 'kati ya'."

"Ningekuwa sijasoma ningekutajia sasa hivi, tena kwa sauti kubwa."

Simu ya Pimamaji ikalia. Alikuwa dada mkubwa wa mkewe, na sauti yake haijawahi kuhitaji spika. Wote mezani walimsikia. "Shemeji, mdogo wangu anatembea vizuri hapa. Sakafu ni moja, hakuna vituko. Msihangaike na hiyo nyumba yenu. Mwacheni akae huku huku."

"Akae mpaka lini?" aliuliza Pimamaji.

"Nimesema akae."

Alipokata simu, hakuna aliyemwangalia usoni. Nyumba bila Mama Pindo, kila mmoja aliweza kuiona: mlango umefungwa, cherehani imefunikwa shuka, na mwanamume mmoja anapima meza ambazo hakuna anayekula juu yake. Ndipo Pimamaji alipokata shauri, na alikata kwa hofu ingawa mwenyewe aliita busara. Atajenga juu kabisa. Kiunoni. Akishamaliza, asisikie tena habari za maji maisha yake yote.

Mwalimu alijaribu. "Shemeji, hapo ni mwisho wa karne, na ni upande mbaya wa hesabu."

"Basi nitakuwa nimewahi."

Kifusi kilikuja kwa mikokoteni. Kikamwagwa sebuleni, kikashindiliwa, zege likamwagwa juu yake, likasawazishwa mpaka lile povu likasimama katikati ya kichupa bila kupepesa. Pimamaji alikuwa hajawahi kumwaga sakafu nzuri kama ile. Tatizo ni kwamba sakafu ilikuwa imepanda na dari haikuambiwa. Feni ilibidi ishushwe baada ya kumvua Baridi kofia. Ukingo wa dirisha, uliokuwa kifuani, sasa ulikuwa kwenye muundi wa mguu, kiasi kwamba mtu akisimama sebuleni wapita njia walimwona magoti. Na mlango, kwa kuwa boriti ya zege juu yake ilibaki palepale, ukawa mfupi. Mtu alipanda ngazi za nje kama anayekwenda jukwaani, kisha akaingia ameinama kama mwizi.

Mama Pindo aliletwa na gari la dada yake kuja kuangalia kazi. Alishuka taratibu, akapanga mkongojo na mguu mzuri na mguu mbaya, akanyanyua uso.

"Baba watoto."

"Naam."

"Ngazi zote hizi ni za nani?"

"Za bahari. Nimezungumza na mdogo wako, mambo si mazuri. Bahari itakuja."

"Mimi nimekuja leo," alisema Mama Pindo.

Pimamaji alishuka ngazi mbio, akasema atambeba. Mkewe alimtazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu vyenye saruji. "Utanibeba asubuhi, na nikitaka choo pia, na mteja akija? Utaacha kazi za watu uwe winchi yangu?" Dada mkubwa alikuwa ameshafungua mlango wa gari, anasema si aliwaambia. Lakini Mama Pindo hakuingia. "Nileteeni cherehani yangu," alisema.

Ikaletwa. Ikawekwa kando ya barabara, penye kivuli cha nyumba yake mwenyewe, na yeye akakaa kwenye kiti akaanza kushona kana kwamba sebule siku zote ilikuwa pale nje. Tangu hapo ikawa hivyo: asubuhi gari la dada linamleta, jioni linamchukua. "Usiku nalala kwako," alimwambia dada yake, "mchana niko kwangu." Dada mkubwa alivumilia wiki chache, kisha akasema mafuta ya gari hayaoti, na mwezi ukiisha mdogo wake achague: akae mlimani moja kwa moja, au arudi nyumbani akapande ngazi na chuma chake.

Pimamaji alishindwa kwenda kazini. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wake mfupi, miguu inaning'inia, akimtazama mkewe kule chini. Hawakuwa wamegombana. Ni afadhali wangegombana. Walisalimiana vizuri, walikula pamoja, yeye juu ya ngazi na mkewe kwenye kiti, na kati yao kulikuwa na kile kimo alichokimwaga kwa mkono wake.

Siku moja alikuja mama mmoja na binti yake, sketi ya binti imepanda juu ya magoti. "Mama Pindo, huyu anarefuka kama anafukuzwa. Si ni juzi tu tumeishona?"

"Avue nishushe. Kitambaa kipo."

"Sasa si ungemshonea ndefu moja kwa moja tangu mwanzo, tukapumzika?"

Mama Pindo alikuwa ameshashika wembe, anafumua ile mishono mipana, na uzi ulitoka wenyewe. "Ningeshona ndefu angeikanyaga akaanguka. Ningeshona fupi bila pindo ungenunua nyingine. Atarefuka kiasi gani wewe hujui, mimi sijui, mwenyewe hajui. Inamtosha leo, na nafasi ipo ndani. Akirefuka tena, rudi. Shika hapa nikate."

Hakuwa anamsema mumewe. Hata hakugeuka. Alikuwa anaongea na mteja huku sindano iko mdomoni, kama alivyoongea na wateja miaka yote, na mumewe alikuwa amelisikia neno hilo labda mara mia, akiwa sebuleni anakunywa chai, likapita sikio hili na kutoka lile. Safari hii halikutoka. Pimamaji aliliangalia lile pindo likikunjuka, kitambaa kilichokuwa ndani bado kina rangi yake ya dukani. Kisha akaingia ndani, akiinama, na wote barabarani wakasikia nyundo kubwa inaanguka kwenye sakafu nzuri kuliko zote alizowahi kumwaga.

"Fundi," Baridi aliita kutoka kwake, "bahari imeahirisha?"

Nyundo ikaanguka tena.

Kazi ile ilikula karibu mwezi mzima. Pimamaji alivunja sebule, akashusha. Akavunja chumba cha watoto, akashusha. Kifusi chake akakipeleka chumba cha nyuma, akainua. Sakafu zote nne zikakutana kwenye kimo cha jiko, ambacho kilipita ule mstari wa chumvi kwa kipande kizuri, ingawa si kwa maringo. Kule mbele, badala ya ngazi, alijenga mteremko mrefu uliolala kando ya ukuta wa nyumba, mpole, wenye bomba la kushikilia. Halafu akafanya jambo lililowashangaza watu: akaing'oa ile boriti juu ya mlango, akaipandisha. Dirisha nalo akalipandisha. Mlango ukawa mrefu ajabu, kama uliotengenezewa twiga.

Mwalimu alikuja jioni moja baada ya shule, akaukagua mteremko mpaka mwisho wake wa chini. Hapo matofali yalikuwa hayakusawazishwa. Moja limetokeza, moja limeingia, moja limetokeza, na hayakupigwa lipu.

"Hapa hukumaliza, shemeji."

"Hayo ni meno," alisema Pimamaji. "Fundi akijua ukuta utaendelea siku moja, anaacha meno, atakayekuja aungie hapo. Sakafu ikipanda, mteremko nao lazima urefuke, ama sivyo utakuwa mkali na mama hatauweza. Nafasi ya kurefuka ipo mpaka kwenye kona. Na mlango huo unaoucheka una nafasi ya kumeza sakafu nyingine."

Mwalimu alikaa juu ya yale meno, akafikiri. "Lakini unajua kuna kimo ambacho hii haitasaidia. Nyumba itakuwa kavu, barabara ikawa maji. Hata watu wa mlimani wakitaka kushuka, watashukia wapi?"

"Najua."

"Hapo si suala la fundi mmoja."

"Najua, shemeji. Hapo ni la mtaa mzima, na la hao wenye makaa na mafuta. Wabishane, na wewe uende ukabishane nao, ndiyo kazi yako." Alikuwa anakwangua saruji kwenye mwiko. "Mimi yangu ilikuwa huyu aingie ndani."

Mwezi ulipoisha, gari la dada mkubwa lilisimama mbele ya nyumba. Mama Pindo alishuka, akapanga mkongojo na mguu mzuri na mguu mbaya. Mumewe alisogea kumshika kiwiko. "Niache," alisema mkewe, na akaukamata mteremko peke yake, mkono kwenye bomba, akapumzika katikati, akatazama bahari kidogo kana kwamba alisimama kwa ajili hiyo, akaendelea. Alipita chini ya ule mlango wa twiga bila kuinama. Akavuka sebule. Pale penye mlango wa jikoni alisimama, mguu wake mbaya ukanyanyuka wenyewe kutafuta ngazi, ukakosa, ukatua taratibu juu ya sakafu iliyonyooka. Nyuma yake Pimamaji naye alikuwa amenyanyua wake.

Akaenda mpaka chumba cha nyuma. Akarudi. "Mlango unaingiza upepo," alisema.

"Nitauwekea kioo kwa juu."

"Weka. Na mwambie dada alete nguo zangu."

Bamvua ya mwezi uliofuata ilikuja mchana, jua likiwaka. Mama Pindo alikuwa kwenye cherehani, mahali pake pa zamani karibu na dirisha. Baridi alikuwa mlangoni na glasi yake ya chai, akimweleza Mwalimu kwamba kasi anayoisema ni kubwa mno, na Mwalimu akimweleza kwamba huenda ni ndogo mno. Maji yalivuka barabara bila haraka. Yakafika kwenye meno ya mteremko, yakaingia kwenye mianya kati ya tofali na tofali, yakakaa hapo.

"Yamefika wapi?" aliuliza Mama Pindo, macho kwenye mshono.

Pimamaji alikuwa amechuchumaa kwenye mteremko, anatazama. "Tofali la pili."

"Yale yaliyoingia sebuleni safari ile yangefika la ngapi?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Kati ya la kwanza na la pili."

Mkewe akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia, akaweka mguu kwenye kanyagio, na cherehani ikaendelea.